Ndoana moja iliyokaa imara: ninavyofunga vyambo vya kurambazia nduaro

Kaskazi ya kwanza niliyoachiwa kazi ya kufunga vyambo kwenye boti ya kurambaza, yaani kuvuta vyambo nyuma ya boti ikienda, kutoka Watamu, siku moja tuliwaona nduaro watano, wale samaki wakubwa wenye mdomo kama mkuki, wakipanda nyuma ya tezi, yaani mkiani mwa boti. Wote watano waliuma. Rili, lile gurudumu la mshipi, ikalia, wageni wakaruka kwenye viti, kisha mshipi ukalegea, kimya. Mara tano. Tulirudi ufukweni bila kumgusa hata mmoja.

Jioni ile nahodha hakunigombeza. Alikishika chambo kimoja kwa lida yake, ule uzi mnene wa nailoni unaounganisha chambo na mshipi, akakiacha kining'inie mbele ya macho yangu, akakitikisa. Ndani ya sketi, zile nyuzi za plastiki zinazofunika chambo, ndoana mbili zikageuka huku na huko. Moja ilitazama chini, ya pili ilikuwa imejikunja kuelekea kichwani na kunasa nyuzi za sketi. "Mwanangu," akaniambia, "samaki amefanya kazi yake. Ndoana zako zilikuwa wapi?"

Swali hilo limenikaa mpaka leo, na naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi ya tezini, na kwa yeyote mwenye boti yake ndogo anayetaka kwenda maji makuu na vyambo vya plastiki. Rangi za sketi mtabishana wenyewe ufukweni. Mimi nazungumzia kitu kilichojificha chini ya sketi.

Kwanza mfahamu samaki mwenyewe. Nduaro hachukui chambo kama samaki aitwaye changu anavyochukua kipande cha ngisi. Anakuja kwa kasi kutoka nyuma au ubavuni, mara nyingine anakipiga kwa mdomo wake mrefu, anageuka nacho. Sehemu kubwa ya kinywa chake ni mfupa mgumu. Mahali ambapo ndoana inaingia na kushika vizuri ni pembe ya taya, kwenye ile nyama ngumu ya bawaba. Basi ndoana inapaswa kuwa imesimama wazi, ncha yake haijazibwa na kitu, wakati ule samaki anapogeuka. Ikiwa inacheza ovyo, umeacha kila kitu kwa bahati.

Ndiyo maana siku hizi natumia ndoana moja, na naikaza isicheze. Nakata kipande cha kebo laini ya chuma, ile ya nyuzi 49, ya paundi 480 hivi kwa vyambo vikubwa. Naipitisha kwenye tundu la ndoana, naizungusha ili kitanzi kibane, nabana krimpu, kile kibomba kidogo cha chuma kinachoshika kitanzi kisifunguke. Upande wa pili natengeneza kitanzi kidogo chenye kinga ya chuma ndani yake, nabana tena. Halafu navalisha ule mrija mweusi wa mafundi umeme unaonywea ukipata moto, kuanzia karibu na kitanzi cha juu mpaka uteremke kiasi cha theluthi ya mguu wa ndoana. Kiberiti cha gesi kinatosha, ila usiukaribishe moto sana, utaunguza mrija badala ya kuukaza. Ukipoa, shika kitanzi cha juu kwa vidole viwili: ndoana isimame kama kidole kilichonyooshwa. Ikilala, rudia, ongeza mrija wa pili juu ya wa kwanza.

Hapa nitakaa kidogo kwenye krimpu, kwa sababu nimeona samaki wakubwa wakienda zao kwa kosa la krimpu moja. Za shaba zitumike kwenye kebo, za aluminiamu kwenye nailoni. Koleo liwe la kazi hiyo na tundu lake lilingane na ukubwa wa krimpu, si koleo la kung'olea misumari. Usibane mpaka ukingoni. Acha ncha zote mbili za krimpu zikiwa wazi kidogo kama mdomo wa tarumbeta, maana ukingo uliobanwa unakuwa kisu, na nailoni ya paundi 300 inakatika pale pale samaki akivuta. Mwisho wa nailoni uuchome kidogo ufanye kifundo usichomoke. Kisha funga kitanzi kwenye kitu kisichosogea, vaa glavu, vuta kwa uzito wako wote. Kikiteleza ufukweni umepata hasara ya krimpu moja tu.

Ukubwa wa ndoana huwachanganya wengi. Namba zipo, lakini watengenezaji hawalingani, ya 9/0 ya huyu inaweza kuwa sawa na 10/0 ya yule. Mimi natazama mdomo wa ndoana, yaani nafasi kati ya ncha na mguu. Uwe mpana kuliko kichwa cha chambo, kwa sababu kichwa kipana kuliko mdomo wa ndoana kinaikinga ncha isifike kwenye taya. Kwa vyambo vidogo vya inchi 6 au 7, vya sulisuli, fulusi na jodari, 7/0 au 8/0 inatosha. Vya inchi 9 au 10 navipa 9/0 au 10/0. Vile vikubwa vya inchi 12 kwenda juu, 11/0 au 12/0.

Lakini angalia na mshipi wako. Ndoana nene ya 12/0 inahitaji nguvu ili iingie. Breki ya rili kwa kawaida tunaiweka kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi, kwa hiyo mshipi wa paundi 30 unakupa mvuto wa paundi 10 hivi mwisho. Kwa mvuto huo ndoana nene inagusa mfupa, haipenyi, samaki anaruka mara mbili anaitema. Nimewaona watu wakilaumu chambo kwa jambo hili msimu mzima. Mshipi mwepesi, ndoana nyembamba.

Sasa mahali pa kuiweka. Ning'iniza chambo kichwa kikiwa juu na sketi ikianguka. Mkunjo wa ndoana unatakiwa uwe sawa na mwisho wa sketi, au upungue kidogo tu. Ukiwa mbele mno, fulusi na sehewa watakung'olea nyuzi za sketi siku nzima na hutamwona hata mmoja. Ukiwa nyuma mno, uzito wa ndoana unakiburuta chambo, kinaacha kucheza, kinakwenda kama kipande cha mti. Kurekebisha ni rahisi: ongeza au punguza shanga ngumu za plastiki kwenye lida, kati ya chambo na kitanzi cha ndoana. Ninazo kwenye kikopo, na ni kitu cha kwanza ninachofungasha.

Kwa vyambo vyenye uso uliokatwa mshazari, napenda ncha itazame juu, upande ule mrefu wa kichwa. Ili isigeuke, nasukuma kijiti cha kuchokolea meno kwenye tundu la chambo pembeni ya lida, nakikata usawa. Samaki akiuma kijiti kinavunjika, chambo kinapanda juu ya lida na hakimsaidii samaki kuitikisa ndoana itoke.

Wapo manahodha ninaowaheshimu sana wanaotumia ndoana mbili, na sina ugomvi nao. Ila kama mgeni wako anatafuta rekodi, ujue kanuni za IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi hizo tangu 1939. Kwenye chambo cha sketi ndoana zisizidi mbili. Matundu yao yasikaribiane kuliko urefu wa ndoana kubwa kati ya hizo, wala yasiachane zaidi ya inchi 12. Ndoana ya nyuma isitokeze nje ya sketi zaidi ya urefu wake. Lida nayo ina kipimo: kwa mshipi unaozidi paundi 20, isipite futi 30. Samaki wa maisha yake asikataliwe kwa sababu ya inchi mbili.

Mimi niliziacha mbili kwa sababu ya mkono wa mwenzangu. Tulikuwa na nduaro ubavuni, ndoana moja imemshika tayani, ya pili inaning'inia. Mwenzangu ameshika lida, samaki akatikisa kichwa mara moja, ile ndoana ya pili ikaingia kwenye kiganja chake. Kwa sekunde chache mtu na samaki walikuwa wamefungwa pamoja. Nahodha alikata lida, Mungu akasaidia samaki hakuzama naye. Tulirudi pwani mbio na safari ya hospitali ikafuata. Vidole vyake viwili havikunji vizuri mpaka sasa. Sijaona tofauti ya idadi ya samaki inayolingana na hilo. Na hapa kwetu sulisuli na nduaro wengi tunawawekea alama na kuwaachilia, ndoana moja inatoka upesi na haimchani samaki usoni wala kumtoboa jicho. Kwa sababu hiyo hiyo siweki ndoana ya chuma kisichoshika kutu. Ikibidi kukata lida, afadhali iliyobaki mdomoni iliwe na chumvi.

Chumvi hiyo hiyo ndiyo inayonipa kazi ya kila jioni, kwa sababu ndoana ya namna hii huanza kupoteza makali mapema. Jaribu kwenye ukucha wa kidole gumba: iburute taratibu. Ikikwaruza na kusimama, ni kali. Ikiteleza, chukua tupa. Noa kutoka kwenye kijino, kile kinachozuia ndoana isichomoke, kuelekea nchani, pande mbili, ondoa kidogo kidogo, usiifanye ncha ndefu na nyembamba kama sindano maana itajikunja kwenye mfupa. Ndoana mpya kutoka dukani nayo inolewe, hasa zile kubwa.

Jambo la nguru nitalisema kwa ufupi. Meno yake yanakata nailoni kama mkasi. Msimu wao ukifika, tenga vyambo viwili vyenye kipande cha waya mbele ya ndoana, uvipeleke karibu na miamba, na vile vya nduaro uviache na nailoni.

Ukishavitupa majini, usikae. Tunakwenda noti 7 au 8, yaani maili za baharini kwa saa, na chambo kilichofungwa vizuri kinapumua: kinatoka juu ya uso wa maji, kinavuta hewa, kinazama na kuacha moshi wa povu, kisha kinatoka tena. Kikizunguka au kikiruka kila wakati, kirudishe tezini utazame. Mara nyingi ni mwani umenasa, au ndoana imegeuka na kuwa kama usukani unaokivuta pembeni. Na kila baada ya samaki kuuma, hata kama hakushika, kivute chote ukikague: pitisha vidole kwenye lida hatua mbili za mwisho, ukihisi mkwaruzo kata, funga upya. Mrija ukiwa umechanika, badilisha ndoana nzima. Mimi hutayarisha seti kumi na mbili nyumbani usiku, kila moja kwenye mfuko wake na ukubwa umeandikwa kwa kalamu, kwa sababu saa ambayo nduaro wamepanda juu ya fungu, ule mwinuko wa chini ya bahari, hakuna mtu anayeweza kubana krimpu sawasawa boti ikiyumba.