Kabla ya Mbolea, Chimba Shimo: Miaka Mitatu Yangu Kando ya Sabaki

Wiki iliyopita kijana wa kwetu aliyeko Doha alinitumia picha ya konzi ya udongo. Chini yake aliandika: "Shikamoo dada. Nimenunua eka tatu kando ya mto Sabaki, upande wa Mambrui. Udongo wenyewe ndio huu, laini kama unga. Nyanya zitakubali? Mipira ya dripu ya kumwagilia nimeshalipia."

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kumjibu. Maneno hayo, laini kama unga, ndiyo niliyomwambia mama mwaka 2021 nilipomletea konzi kama hiyo jikoni. Mama aliusugua udongo kwa kidole gumba, akaniambia, "Unga ukilowa huwa uji, mwanangu." Sikumwelewa. Miaka mitatu baadaye nilimwelewa, na nililipia kwa akiba yangu yote.

Wewe unayesoma hapa nakujua. Umechoka kuajiriwa, au ajira yenyewe imekuchoka. Una shamba la urithi Ganda, hapa kwetu Malindi, au umepima kipande Madunguni, na usiku unapiga hesabu ya kreti za nyanya kwenye kikokotoo cha simu. Nami nilikuwa hivyo. Hoteli niliyoifanyia kazi miaka 11 ilifunga milango 2020 korona ilipoingia, nikabaki na malipo yangu ya mwisho na hasira. Nikanunua eka mbili mtoni.

Msimu wa kwanza nilivuna vizuri mno, na huo ndio ulionidanganya. Nyanya zilishiba, wachuuzi wa soko la Malindi wakawa wananipigia wao. Nilitembea mjini kifua mbele. Sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu nilifanya kazi.

Msimu wa pili nilikodi trekta, ardhi ikiwa bado mbichi kwa mvua za masika, kwa kuwa mwenye trekta alisema nikingoja nitapoteza zamu. Mimea ikaota, ikafika goti, ikasimama. Saa sita mchana majani yalilala kana kwamba hayajaona maji siku tatu, na huku udongo ukiushika una unyevu. Nikaambiwa dukani ni njaa ya mbolea. Nikaweka DAP, nikaongeza CAN, nikapulizia na dawa za majani za kila rangi. Msimu wa tatu nikarudia yale yale kwa bei kubwa zaidi. Aliyeniuzia hakuwahi kuniuliza hata mara moja ardhi yangu ina nini ndani. Kila nilipolalamika aliniuzia chupa nyingine.

Katikati ya hayo, kwenye harusi, shemeji mmoja alisema mbele ya wageni kwamba kuna mwanamke amezika pesa za hoteli kwenye tope. Watu wakacheka. Nilicheka nao ili nisilie. Mpaka leo nikimwona naitikia salamu tu.

Aliyenitoa humo ni binti wa chuo aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo huku kwetu. Alikuja shambani, akazitazama nyanya zangu kidogo tu, akauliza, "Mama, shimo liko wapi?" Nikamwuliza shimo gani. Akasema, "La kuusoma udongo." Tukachimba siku hiyo hiyo, mimi, yeye na vijana wawili: urefu wa mtu kulala, kina cha mita moja na robo, ukuta mmoja umenyooka na kuelekea jua. Waliopita njiani walisimama wakauliza nani kafariki.

Sasa nikueleze nilichokiona, maana ukiniuliza shamba langu liko wapi, jibu langu ni ule ukuta.

Shuleni tulifundishwa aina tatu: kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Udongo wa mtoni kwetu haukai vizuri katika yoyote kati ya hizo. Ni mashapo laini, chembe ndogo kuliko mchanga na kubwa kuliko mfinyanzi, kati ya milimita 0.002 na 0.05. Ukikauka ni unga, unapeperuka. Ukilowa unateleza kama sabuni, lakini haunati kama mfinyanzi. Ukijaribu kuukunjua uwe utepe kati ya vidole unakatika mapema. Hakuna aliyeupika hapa. Mto unaanza bara ukiitwa Athi, unapita Ukambani, ukifika Tsavo unaitwa Galana, na ukitufikia sisi ni Sabaki. Njiani kote unabeba mashamba ya watu. Nikiwa hotelini wageni wa Kiitaliano walikuwa wakiniuliza mbona bahari ya Malindi hugeuka nyekundu wakati wa mvua. Niliwajibu ni mto, nikaenda kuwaletea kahawa. Sikujua kwamba nazungumzia mali yangu ya kesho. Kuna wataalamu waliotoboa tumbawe la hapa Malindi lenye umri wa karibu miaka 300, wakasoma ndani yake kwamba tope la Sabaki lilianza kuongezeka sana mwanzoni mwa karne ya 20. Udongo uliopotea kule juu ndio uliolazwa huku chini, kila furiko na shuka lake.

Ndiyo maana ukuta wangu ulikuwa na mistari. Binti alinieleza kwamba wataalamu huyapa matabaka herufi, A juu, B katikati, C chini, kawaida iliyotokana na Mrusi Dokuchaev, ambaye kitabu chake juu ya udongo mweusi wa Urusi kilitoka 1883. Herufi hizo zinafaa pale udongo ulipozaliwa na kukomaa mahali pamoja. Udongo wa mafuriko umeletwa. Usishangae ukikuta tabaka la chini ni jema kuliko la juu yake.

Juu kabisa palikuwa na ukoko. Ndilo neno lake hasa, kama ukoko wa wali chini ya sufuria: mwembamba, mgumu, umepasuka vigae vigae na kingo zimejikunja. Tone kubwa la mvua hupiga udongo usio na kifuniko, madonge yanavunjika, ule unga unaziba vitundu, jua likitoka unakauka. Niliinua kigae kimoja nikakuta miche mitatu ya kunde imevunjika shingo chini yake. Msimu mzima nilikuwa nimemlaumu aliyeniuzia mbegu. Mbegu ziliota. Zilikosa mlango.

Chini ya ukoko, hadi shubiri moja hivi, ni udongo uliolimwa: kahawia, laini, mizizi tele. Hapo ndipo mimi na majirani zangu wote tulipokuwa tukichukua konzi yetu ya kujisifia. Picha ya kijana wa Doha ni ya hapo.

Kisha kisu cha binti kikagoma. Kwenye sentimita 22 lilianza tabaka gumu, nene kama kiganja kilichosimamishwa kwa upana, likifika 31. Ukilibandua linatoka mabamba ya bapa, kama mikate ya kusukuma iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Na mizizi ya nyanya zangu, jamani, ilishuka wima mpaka hapo, ikapinda, ikatambaa kando kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Niliishika mizizi ile nikalia mbele ya vijana wa kibarua. Si mbolea. Haikuwa mbolea hata siku moja. Ni trekta juu ya udongo mbichi, kina kile kile kila mwaka, mimi na waliolima kabla yangu. Mashapo laini yakikandamizwa yakiwa na maji, chembe zinapangana, hewa inatoka, na hazirudi zenyewe. Mvua ikinyesha maji yanasimama juu ya bamba na mizizi inakosa pumzi; jua likiwaka, ile shubiri moja inakauka na mizizi haina pa kwenda. Ndiyo sababu majani yalilala mchana na udongo una unyevu.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa chini ya hapo. Kuanzia sentimita 31 hadi 60 na kitu kulikuwa na udongo mzuri ajabu, mwekundu wa kahawia, una vijitundu vya minyoo na unyevu wa kutosha katikati ya kiangazi. Udongo wa aina hii unashika maji mengi ambayo mmea unaweza kuyanywa. Mchanga huyaachia, na mfinyanzi huyang'ang'ania mengi asiyapate mtu. Hazina ilikuwa chini ya miguu yangu na kifuniko nimekifunga mwenyewe.

Kisha mchanga mweupe wa vidole vinne, wa furiko moja kubwa bila shaka, kwa kuwa maji yaendayo kwa nguvu ndiyo hubeba chembe nzito. Wazee walitaja El Niño ya 1997, wengine mafuriko ya kabla yake. Mimi siwezi kuapa. Mchanga huo nilidhani ungeyanywa maji kama mfereji. Kumbe sivyo. Vitundu vya yale mashapo laini ya juu ni vyembamba na vinayashika maji. Matundu ya mchanga ni mapana, hayana nguvu ya kuyavuta. Maji husimama juu ya mchanga mpaka mashapo yashibe kabisa, ndipo yashuke. Kiangazi nako, unyevu unaopanda kutoka chini kama mafuta kwenye utambi wa kandili hukatikia hapo hapo. Kwa hiyo namwagilia kidogo na mara kwa mara, si kufurikisha.

Chini kabisa palikuwa na kijivu chenye madoa ya kutu, na kinanata. Binti akasema kijivu ni maji yaliyokaa muda mrefu bila hewa, na kutu ni mahali hewa ilipopenya. Yaani hata kiangazi ukuta unakuonyesha maji ya masika yanafika wapi. Wenye kupanda miembe, hilo tabaka ni lenu kulijua kabla ya mche wa kwanza.

Nilifanya nini? Nilingoja. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Nilingoja mpaka donge la kina cha shubiri mbili livunjike mkononi badala ya kufinyangika, ndipo vijana wakaingia na mitarimbo, mstari kwa mstari, wakipasua bamba bila kuligeuza. Nikapanda mbaazi eka nzima, mzizi wake unashuka mbali na unaendelea kupasua wakati wewe umelala. Samadi, matandazo ya nyasi juu ili tone la mvua lisiguse udongo uchi. Mimea iko kwenye matuta, na njia za kupita hazibadiliki. Mvua ikinyesha hakuna mguu unaoingia, hata wa mume wangu.

Lakini usinakili dawa yangu. Huenda bamba lako liko kwingine, huenda hulina kabisa, huenda wewe shida yako ni chumvi. Walio karibu na mdomo wa mto wawe waangalifu na pampu wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, waonje maji kwanza. Shimo lako ndilo litakalokwambia. Kama huna nguvu ya kuchimba leo, chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, tia udongo theluthi, maji na chembe za sabuni ya unga, tikisa sana, iweke dirishani. Mchanga unatua kwa dakika moja hivi, mashapo laini kwa saa mbili, mfinyanzi unachukua siku na zaidi. Utaona mistari mitatu na utajua umenunua nini. Ila chupa haikuonyeshi bamba. Chimba shimo.

Na mpeleke mtu wa maabara sampuli, sikatai, ukichota sehemu 10 au 15 za shamba na kuchanganya kwenye ndoo safi. Maabara itakupa chumvi, uchachu na virutubisho. Haitakwambia mizizi yako imepinda. Chimba shimo.

Nawasikia mnaosema hamna muda. Muda wa kukaa dukani kulinganisha chupa za dawa mnao. Muda wa kutazama video za mashamba ya watu wa nchi nyingine mnao. Tunarithi ardhi kutoka kwa wazee, tunaigawa, tunaipigania mahakamani, tunaiuzia wageni, na hatujawahi kuitazama zaidi ya shubiri moja. Ardhi ni amana. Mwenye kuwekewa amana asiyefungua hata kifuniko akaona alichopewa, atajibu nini akiulizwa? Nasema kwa uchungu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa hivyo, na hakuna aliyenikamata mkono.

Msimu huu, alhamdulillahi, nyanya za eka ya kwanza zimenifika kiunoni na saa sita mchana zimesimama. Shemeji alipita juzi na gari, akapunguza mwendo. Sikumwita.

Kijana wa Doha nilimjibu kwa kifupi: picha ya konzi siwezi kuisoma, mwambie kakako achimbe. Jana usiku ameleta picha mpya. Shimo linafika gotini, na kwenye ukuta wa kushoto, juu kidogo ya miguu ya kakake, kuna mstari wa rangi tofauti ambao bado siwezi kusema ni nini. Nimemwambia aendelee mpaka kiunoni, na wanyooshe ule ukuta kwa kisu kabla ya kupiga picha.