Chumba cha safari kinapasuka kona

SWALI: Nimejenga chumba cha kulala juu ya Land Cruiser pikapu, nikakifunga kwenye chesisi (mihimili ya chuma inayobeba gari) kwa bolti 8. Safari moja ya barabara ya vumbi, kona zote zina nyufa. Kwa nini?

JIBU: Umekaza kila mahali. Chesisi hujipinda tairi moja likiingia shimoni. Chumba kigumu hakipindi, kinapasuka. Kiwekee fremu yake ya chuma chini. Nyuma ifunge imara; mbele tumia bolti ndefu zenye springi, fremu iweze kuinuka kidogo, na vibao vya kuizuia isihame pembeni. Tafadhali, chesisi itobolewe ubavuni tu, kamwe si juu wala chini. Halafu lipime gari mzanini likiwa limejaa, usije ukalizidishia uzito: lita 100 za maji pekee ni kilo 100.