Samaki kurusha mafuta

Dada uliyeuliza kwa nini samaki wako aina ya changu wanarusha mafuta hadi ukutani: ni maji hayo. Mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 170 hadi 180, maji yanachemka kwa 100. Tone likizama chini linageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta juu. Kwa hiyo wakaushe vizuri kwa kitambaa safi, hasa tumboni na kwenye mashavu. Huko ndiko maji yanakojificha. Ukishawatia chumvi na ndimu, waache watoe maji, kisha uwafute tena. Vumbi jembamba la unga wa ngano pia linasaidia sana.

Karai lisijae, nusu yatosha. Jaribu moto kwa kipande cha kitunguu: kikichemkachemka taratibu, tayari. Mafuta yakianza kutoa moshi, zima kwanza. Samaki mlaze kuelekea upande wa mbali na wewe, usimdondoshe. Juu funika na chujio pana la waya, si mfuniko, maana mfuniko unakusanya mvuke na maji yanarudi kudondoka ndani.

Na tafadhali, mfuniko uwe karibu kila mara. Mafuta yakishika moto, zima gesi, funika, usiguse karai mpaka lipoe. Usimwage maji kabisa, moto utaruka hadi darini. Mpini uelekeze ukutani kama kuna watoto.

Mafuta yaliyobaki yakipoa, chuja utie chupani. Usiyamwage kwenye sinki, yanaziba bomba.