Mwenye gesti Shela anatafuta programu-jalizi: kwa wanaoanza kazi ya saraka

Ukikabidhiwa uiboreshe saraka ya programu-jalizi (vipande vya kuongezea tovuti kazi mpya, plugin) na mandhari (miundo ya sura ya tovuti, theme), utatamani kuanza na rangi na vitufe. Subiri. Omba kwanza maneno yote ambayo watu wameyaandika kwenye kisanduku cha kutafuta kwa mwezi mzima, na kando ya kila neno idadi ya matokeo yaliyotoka. Yaliyotoa sifuri ndiyo kazi yako ya wiki ya kwanza.

Kwa saraka ya Waswahili, sifuri nyingi zina asili moja. Zana nyingi za kutafuta zimeundwa kwa lugha zinazobadilisha mkia wa neno: zinakata mwisho, zinabaki na shina. Kiswahili hubadilika kichwani. Mwenye gesti Shela, kisiwani Lamu, akiandika "vyumba", programu-jalizi iliyoelezwa kwa neno "chumba" haitokei. Akiandika "kulipa", ile yenye "malipo" inajificha. Wengi hukimbilia kukata viambishi kwa amri moja. Kata "ma-" kila mahali uone: "mafuta" yanageuka "futa", na muuza mafuta ya nazi wa Malindi analetewa zana ya kufuta kurasa za tovuti yake.

Dawa ni jedwali la visawe linalotengenezwa kwa mkono. Chumba, vyumba, booking, buking, kuhifadhi nafasi: hayo ni kundi moja. Maneno 50 yaliyotoka kwenye ile orodha yako yanatosha kuanzia. Lakini angalia mwelekeo. Anayeandika "malipo" aonyeshwe pia za M-Pesa. Anayeandika "M-Pesa" asimwagiwe kila kitu chenye malipo, maana yeye ana namba ya till na zile za kadi za benki hazimfai. Kisawe hicho kiwe cha njia moja. Tena waulize wenyeji. Mtu wa Lamu akisema chombo, huenda anakusudia jahazi. Anayetafuta "vyombo" pengine anataka kalenda ya kupanga safari za kisiwa cha Manda Toto, nawe umemwekea maduka ya sufuria.

Baada ya kutafuta, kadi ya matokeo. Mtu anayeitazama ana maswali matatu tu: inafanya nini, itakubali kwenye tovuti yangu, na aliyeitengeneza bado yupo? Kwenye saraka ya WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, maelezo mafupi hayazidi herufi 150, na watengenezaji huzimaliza kwa sifa: "suluhisho bora, jepesi na la kisasa". Ukiwa na mamlaka ya kuhariri mwongozo wao, waonyeshe mfano: "Mgeni huchagua tarehe, hulipa kwa M-Pesa, nawe hupata taarifa kwa barua pepe." Sentensi hiyo haina sifa hata moja, na mwenye gesti amekwisha kujua kama inamhusu.

Suala la toleo lifanyie hesabu wewe. Usimwandikie mtu "imejaribiwa hadi toleo fulani" ukamwacha aende akatafute yeye yuko toleo gani. WordPress huweka onyo kwa programu-jalizi ambayo haijajaribiwa na matoleo makuu 3 ya karibuni. Wazo zuri, ila onyo la ndani ya ukurasa humfikia mtu akishapenda. Liweke kwenye kadi, kwa maneno: "Haijajaribiwa na matoleo ya karibuni." Neno "Bure" nalo lina mitego. Kama kalenda ni ya bure na malipo ya mtandaoni yanauzwa kando, andika hivyo hivyo palepale.

Nyota zinadanganya kwa ukimya. Ukipanga kwa wastani mtupu, kitu chenye maoni 1 ya nyota 5 kinakaa juu ya chenye maoni 400 ya wastani wa 4.6. Ipe kila programu-jalizi maoni 20 ya kubuni, yenye wastani wa saraka nzima, tuseme 3.8, ndani ya hesabu ya kupanga pekee. Ya kwanza inakuwa (20 × 3.8 + 5) ÷ 21, yaani 3.86. Ya pili inakuwa (76 + 1840) ÷ 420, yaani 4.56. Kila mmoja amerudi mahali pake. Kwenye kadi onyesha wastani halisi na idadi ya maoni, yale 20 ya kubuni yasionekane popote.

Mandhari ni kazi ya macho, na hapo ndipo bando la watu linapoteketea. Picha ya mandhari kwenye WordPress ni pikseli 1200 kwa 900. Ukipakia picha 24 kwa ukurasa, kila moja MB 1.2, umemla mtu MB 28.8 kabla hajagusa chochote. Tengeneza nakala ndogo za upana wa pikseli 400, na zile za chini zipakiwe anapozikaribia. Onyesho la mandhari lenyewe lianze kwa upana wa simu, pikseli 360. Lijaze maandishi ya Kiswahili: kitufe kilichopimwa kwa "Book", herufi 4, kinapasuka mistari miwili kikipewa "Hifadhi chumba", herufi 13. Picha nazo ziwe za kawaida. Mwenye gesti ana picha za simu zilizopigwa wima, za zidaka na paa la makuti. Mandhari iliyojengwa kwa picha pana za studio itamkata vichwa wageni wake.

Vichujio vya kupunguza matokeo: weka idadi ya matokeo mbele ya kila kimoja, na chaguo liandikwe kwenye anwani ya ukurasa. Lisipoandikwa, mtu akibonyeza kurudi nyuma anakuta vyote vimefutika, na hapo wengi huondoka.

Kupima, watu 5 wanatosha kwa duru moja. Ndiyo idadi aliyoipendekeza Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, mwaka 2000. Usiwape neno la kutafuta ndani ya swali. "Tafuta programu-jalizi ya kuhifadhi vyumba" ni kumnong'oneza jibu. Mwambie: "Una vyumba 4 Shela, unataka mgeni alipe nusu kabla hajapanda boti." Kisha nyamaza, hata akipotea. Andika neno la kwanza aliloandika, kadi ya kwanza aliyobonyeza, na alichokuwa akisoma alipositasita. Tumia simu yake mwenyewe na bando lake. Simu ya ofisini iliyo kwenye waifai haitakuonyesha kitu.

Na programu-jalizi ikiondolewa kwa sababu za usalama, usifute ukurasa wake. Wenye kuitumia watakuja kuutafuta. Uache, ondoa kitufe cha kupakua, andika tarehe na sababu kadiri inavyoruhusiwa, na uweke mbadala mmoja au miwili uliyokwisha kuijaribu mwenyewe.