Kwato za ukurasa wa 15

Kila mwezi hawakosekani vijana wawili watatu wa kuniandikia. "Shikamoo dada, nami nataka kuandika hadithi za majini na mazimwi, na michoro nichore mwenyewe. Nianzie wapi?" Marahaba. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, basi leo nawajibu wote kwa pamoja, na nitaanza na aibu yangu maana ndiyo iliyonifunza kazi.

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha watoto, kurasa 32. Kijana wa Pangani anarudi nyumbani usiku, anakutana njiani na mwanamke mzuri ajabu, buibui limemfunika hadi chini, wanaongozana wakizungumza. Sisi tuliokulia Tanga tunajua mambo yanaelekea wapi: chini ya lile buibui mna kwato za punda. Mshtuko ule niliuandaa vizuri katika maandishi. Ukurasa wa 14 kijana anauliza, "Mbona viatu vyako vinalia hivyo?" Ukurasa wa 15 upepo unavuma, buibui linapepea. Kwato zile nilizichora siku nne. Ufa wa ukucha, manyoya ya kifundo, vumbi la barabara, vyote vimo. Nikajiona fundi.

Kitabu kilipotoka nikaalikwa kukisoma katika shule moja ya msingi, darasa la tatu. Nimekifungua, nimewaelekezea watoto waone picha, nimeanza kusoma ukurasa wa 14, hata nusu sijafika. Mtoto wa dawati la mbele akapiga kelele: "Ana kwato huyo!" Darasa zima likaangua kicheko. Nikabaki nawasomea swali la viatu watu ambao jibu walikuwa nalo tayari.

Kitabu chetu hufunguliwa kulia, ukurasa wa 1 ukawa upande wa kulia, kwa hiyo namba witiri zote huangukia kulia na shufwa kushoto. Ukurasa wa 14 na wa 15 vinatazamana. Jicho la mtoto halisubiri mama amalize kusoma. Linaruka moja kwa moja kwenye picha. Jambo la kushtua linakaa kwenye namba shufwa, mgongoni mwa karatasi, mtoto alikute akishageuza kwa mkono wake mwenyewe. Swali lingekuwa ukurasa wa 15 na kwato ukurasa wa 16, pale shuleni ningepata kimya badala ya kicheko. Nilikosea ukurasa mmoja tu.

Ningekuwa nachora kitabu cha mtu mwingine, mwandishi angenigombeza mapema. Ningekuwa mwandishi tu, mchoraji angeniuliza, "Dada, hii siri tunaificha wapi?" Lakini wote wawili walikuwa mimi, nao walikuwa wanapendana mno. Mwandishi alifurahi kuona kwato zimechorwa vizuri, mchoraji alifurahi kupewa kwato za kuchora, na hakuna aliyemwambia mwenzake ukweli. Tangu siku hiyo kazi yangu kubwa imekuwa kuwatenganisha hawa wawili, na hilo ndilo ninalotaka ulijue kabla hujanunua hata kalamu.

Mimi hufanya hivi. Naandika hadithi mpaka mwisho bila kuchora chochote. Ni vigumu, mkono unawasha, lakini ukishachora sura ya mhusika kabla hujamaliza hadithi utaanza kumtungia matukio yanayofaa sura ile. Kisha mswada naufungia kwenye kabati wiki tatu. Nikiutoa, nautoa kama umeletwa na mteja. Nachukua karatasi moja kubwa, napiga visanduku 32 vidogo kama stempu, najaza kila kimoja kwa penseli, vijiti vijiti tu. Kila mwanzo na mwisho wa karatasi unauona hapo kwa mara moja, na kwato zinazojichomoza mapema utaziona.

Baada ya visanduku nachukua wino mwekundu. Sentensi inayosema jambo ambalo picha imekwisha kulisema, naifuta. Picha inayorudia sentensi bila kuongeza kitu, naifuta pia. Huwa nabaki na karibu theluthi mbili za maneno niliyoanza nayo. Inauma. Kuna sentensi moja niliyoipenda, kuhusu kanzu ya mzee yenye doa la kahawa lenye umbo la kisiwa cha Pemba, nikaifuta kwa sababu doa lenyewe nilikuwa nimelichora. Hakuna msomaji aliyeilalamikia.

Kazi iliyonifunza zaidi ya zote ilikuwa ya chunusi. Kwa wasiotoka pwani, chunusi ni jini akaaye ndani ya maji, anayemvuta muogeleaji mguu akazama. (Ndiyo, neno hilohilo la vipele vya usoni. Kitabu kilipotoka wasomaji wawili walinitumia ujumbe wakiulizia dawa, na sikuwalaumu.) Mara ya kwanza nilimchora kamili: meno, macho mekundu, mwani kichwani. Akatoka kama kambale aliyekasirika. Nikamwongezea pembe, akazidi kuchekesha. Nikamfuta mwili wote nikaacha mkono tu unaotoka majini. Mkono ulikuwa kama wa mtu anayesimamisha daladala.

Mwishowe nilichora ufuo mtupu. Maji kupwa, shwari kabisa. Ngalawa imefungwa. Kandambili mbili za mtoto zimewekwa sawasawa mchangani, na nyayo zinazokwenda majini, hakuna zinazorudi. Binti wa dada yangu, wakati huo miaka saba, alikuja nyuma ya kiti changu, akatazama kitambo, akauliza kwa sauti ndogo: "Mwenye kandambili yuko wapi?" Nikajua nimempata chunusi wangu. Maandishi ya ukurasa ule yalikuwa marefu, yanaeleza jinsi maji yalivyomeza mtoto. Niliyafuta yote. Ukurasa hauna neno hata moja.

Wengi mnaniletea majoka yenye mabawa, ngome za mawe na misitu yenye theluji. Sina ugomvi nayo. Lakini mtu ambaye hajawahi kukanyaga theluji akiichora, anachora picha aliyoiona ya theluji, na inaonekana. Kabla hujaenda mbali, mkalishe bibi yako umuulize aliogopeshwa na nini alipokuwa mdogo. Ukipata nafasi ingia mapango ya Amboni, taa izimwe dakika moja. Usiambiwe pia kwamba ajabu katika Kiswahili ni jambo lililoletwa juzi: Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi iliyo angani, mwaka 1951.

Haya, tule nini? Hapa nitasema wazi kwa sababu mimi nilidanganywa. Vitabu peke yake havikunilisha miaka kumi ya mwanzo. Nilichora vipeperushi vya afya, mabango ya chandarua, vitabu vya hesabu vyenye maembe ya kuhesabu. Nimechora mikono inayonawa mingi kuliko mazimwi yote niliyowahi kuyafikiria. Nilikuwa naona haya, siku hizi sioni. Mikono ni kitu kigumu kuchora, na yule mteja wa sabuni alinilipia mazoezi.

Hata wakubwa wa fani hii walikuwa na sufuria nyingine jikoni. Tolkien wa Uingereza alichora mwenyewe ramani, michoro ya wino na jalada la kitabu chake cha 1937, The Hobbit, lakini mshahara wake ulitoka chuo kikuu cha Oxford. Tove Jansson wa Finland alianza kuchorea jarida la vikaragosi la Garm mwaka 1929, akiwa binti mdogo, na kitabu chake cha kwanza cha wale viumbe wake wanene weupe, Moomin, kikatoka 1945. Mwaka 1954 gazeti moja la jioni la London likaanza kuchapa katuni zake, siku sita kwa wiki. Umaarufu na fedha zikaja, na uchovu nao. Ilipofika 1959 aliacha, mdogo wake Lars akaendelea nazo hadi 1975, na Tove akarudi kwenye uchoraji wa rangi na vitabu. Mtu akikuletea kazi ya kila siku, kabla ya kuuliza inalipa kiasi gani, hesabu itakuachia saa ngapi kwa wiki za kazi yako mwenyewe.

Sasa mkataba. Mchapishaji mmoja alinipa mkataba mmoja kwa kazi mbili: maandishi mrabaha (fungu langu la mauzo) wa asilimia 10, michoro malipo ya mkupuo. Nilikuwa na njaa, nikatia saini. Mwaka uliofuata nikaikuta picha yangu ya jalada kwenye kalenda ya ukutani katika ofisi ya watu, chini yake jina la kampuni, langu halipo. Nilipouliza nikaonyeshwa kifungu: michoro "kwa matumizi yote". Maneno matatu, na saini yangu mwenyewe chini yake.

Kwa hiyo omba mikataba miwili, au mmoja wenye sehemu mbili zilizotengana kabisa: ya mwandishi na ya mchoraji. Michoro iandikwe inatumika wapi, chapa ngapi, miaka mingapi. Kalenda, fulana na katuni za video zikae nje mpaka mtakapokubaliana upya. Picha halisi za karatasi ni mali yako; wao wachukue nakala za kompyuta. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inakulinda tangu unapomaliza kazi, hata hujaiandikisha popote, lakini kuiandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi wa kumwonyesha mtu. Ukijichapishia mwenyewe, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Na kama unataka kitabu kiingie madarasani, kuna ithibati ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), nayo ina foleni yake. Usikope pesa ya kupiga chapa ukitegemea itatoka mwezi ujao.

Kiwandani nitapita haraka. Kishikwambi kinatoa rangi kwa mwanga, mashine ya chapa inazitoa kwa wino nne, kwa hiyo ile bahari yako ya buluu inayong'aa itatoka imefifia. Badilisha rangi kabla ya kupeleka, na usikubali mashine kuanza bila kuona nakala ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia karatasi. Na picha ya kurasa mbili zinazotazamana isiwe na uso wa mtu katikati: mimi nilimweka mfalme pale, mshono ukameza pua yake katika nakala elfu mbili.

Jambo la mwisho nililojifunza kwa barua ya mtoto. Shujaa wangu alikatwa sikio la kushoto ukurasa wa 9, na ukurasa wa 23 anayo masikio yote mawili. Mhariri hakuona, mimi sikuona. Mtoto wa Morogoro aliona, akaniuliza kwa heshima kama liliota tena. Nikamjibu kwamba ndiyo, liliota, na nikamtungia barua nzima ya jinsi lilivyoota. Siku hizi kila mhusika ana daftari lake: kimo chake akisimama kando ya mlango, kovu liko upande gani, kanga yake ina maandishi gani.

Basi ukitaka niione kazi yako, usiniletee picha yako moja nzuri kuliko zote. Niletee mhusika mmoja uliyemchora mara kumi: kwa mbele, kwa mgongo, akiwa na njaa, amelala, anamdanganya mama yake, amezeeka. Na ukurasa mmoja wa maandishi kumhusu ambao hauna hata jambo moja linaloonekana katika picha hizo. Nipo kila Alhamisi mchana, na chai ipo.