Kumpendekeza mwanamisitu kwa tuzo: toa hesabu, sifa zitajileta

Wanamisitu wengi wanaostahili tuzo huikosa mezani, wala si msituni. Aliyewapendekeza alisifu badala ya kuonyesha. "Mchapakazi, mpenda mazingira, mfano wa kuigwa": kamati ikiwa na fomu arobaini, maneno hayo yamo katika zote arobaini.

Anza na tuzo yenyewe, kwa sababu tuzo za misitu hazifanani. Society of American Foresters, chama cha wanamisitu wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1900, kina Medali ya Gifford Pinchot kwa waliotia fora katika taaluma na utendaji wa misitu, na kina Tuzo ya Barrington Moore kwa watafiti wa upande wa biolojia. IUFRO, muungano wa watafiti wa misitu ulioanza mwaka 1892, una tuzo ya mafanikio ya kisayansi. Tuzo ya Wangari Maathai, iliyoanza mwaka 2012, inawatazama watu waliopigania misitu pamoja na jamii zinazoitegemea. Mtu aliyekesha kitaluni miaka ishirini ukimpeleka kwenye tuzo ya watafiti, umempotezea nafasi yake. Soma vigezo, kisha uulize mambo manne: je, lazima awe mwanachama? Anaruhusiwa kujipendekeza? Marehemu hupokelewa? Kurasa zisizidi ngapi? Fomu iliyozidi kurasa huondolewa kabla haijasomwa, hata ingekuwa ya malaika.

Sasa ushahidi, na hapa ndipo pa kutumia muda. Tuseme mteule wako alisimamia upandaji. "Alipanda miche nusu milioni" ni habari ya kitalu, haijawa habari ya msitu. Kamati yenye wanamisitu ndani yake itauliza mingapi iko hai. Hesabu yake haina uchawi. Miche iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni 1,111 kwa hekta. Chukua kamba ya mita 5.64, funga ncha moja kwenye kijiti kilichosimamishwa, zunguka na ncha ya pili: hiyo ni ploti, yaani kieneo cha kupimia, ya mita za mraba 100, na ndani yake inatarajiwa miche 11 hivi. Ukipima ploti 20 ukakuta miche hai 164, wastani ni 8.2 kwa ploti, yaani 820 kwa hekta, sawa na asilimia 74. Sentensi moja yenye hesabu hiyo, ikitaja idadi ya ploti na mwezi wa kupima, ina uzito kuliko aya tatu za pongezi.

Hesabu huharibika kwa njia zinazojulikana. Wapimaji huweka ploti karibu na barabara, kwenye miche iliyopaliliwa vizuri. Panga ploti kwa umbali sawa kwenye mstari unaokatiza shamba zima. Mlimani, kamba ikilazwa kufuata mteremko ploti inakuwa ndogo kuliko unavyodhani, kwa hiyo ivute iwe mlalo. Wengine hupima miche wakati mvua bado zinanyesha, kumbe kipimo cha kweli huja baada ya kiangazi cha kwanza. Na kama mapengo yalizibwa kwa miche mipya, sema hivyo waziwazi. Asilimia 95 isiyo na maelezo humfanya msomaji aliyewahi kupanda miti atabasamu tu.

Mlinzi wa msitu ni mgumu zaidi kumwandikia, maana mafanikio yake ni mambo ambayo hayakutokea. Kwake tafuta kumbukumbu za moto: hekta zilizoungua kila mwaka, miaka mitano kabla hajaanza kazi hapo na mitano baada ya kuanza, pamoja na mvua za miaka hiyo. Usipoweka mvua, mtu atasema ni mwaka wa neema tu.

Picha za "kabla na baada" zipigwe mahali pamoja, upande mmoja, mwezi mmoja. Picha ya kiangazi ikiwekwa kando ya picha ya masika inaonyesha majira, haionyeshi kazi ya mtu.

Barua za kumuunga mkono mara nyingi ni tatu, na kosa la kawaida ni zote tatu kusema jambo lile lile kwa maneno yale yale, kwa sababu mpendekezaji aliwatumia waandishi rasimu moja. Gawa kazi: mmoja aeleze utaalamu, mwingine malezi ya vijana kazini, wa tatu awe mtu wa kijiji kilicho mpakani mwa msitu. Wape wiki nne. Mjumbe wa kamati asiombwe barua.

Angalia pia neno "aliongoza". Kazi ya misitu ni ya watu wengi, na wenzake watazisoma hizo habari. Andika alichokiamua yeye: alibadili spishi, alihamisha kitalu karibu na maji, alikataa uvunaji katika miteremko mikali. Miaka 30 kazini nayo haitoshi yenyewe. Sema miaka hiyo ilibadilisha nini.

Mwisho kabisa andika yale maneno 60 hivi yatakayosomwa jukwaani akishinda. Jina liandikwe kama yeye anavyoliandika, cheo kiwe cha sasa, na mafanikio yawe mawili, si saba. Yasome kwa sauti. Ukikwama pumzi katikati ya sentensi, mshereheshaji naye atakwama hapo hapo.