Wachumba wote wawili wakiwa AS

Ndugu yangu, umeuliza iwapo wewe na mchumba wako, ambao majibu yenu yote ya kipimo cha damu yamesoma AS, mnaweza kuzaa mtoto mwenye selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) ilhali ninyi wenyewe hamuumwi. Mnaweza. Kila mtu hurithi nakala mbili za jeni ya himoglobini husika (protini inayobeba oksijeni katika damu), moja kwa baba na moja kwa mama; AS maana yake nakala moja ni ya kawaida (A) na nyingine ni ya selimundu (S). Katika nakala yenu ya S, herufi moja tu ya DNA imebadilika, na kwa mwenye S mbili badiliko hilo dogo hufanya chembe nyekundu za damu zijipinde mfano wa mundu zinapopungukiwa oksijeni. Kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata SS, yaani S kwa baba na S kwa mama, ambayo ndiyo selimundu yenyewe, na mtoto wa kwanza akizaliwa salama, hesabu ya wa pili haibadiliki (hapo wengi hujidanganya). Nendeni pamoja kwa mtaalamu wa ushauri kabla ya harusi, na mtoto akizaliwa apimwe mapema.